Ama zinaeleza, ama zinanyamaza

“Mbona hawasemi?”

Aliyeuliza ni mzee aliyekaa nyuma yangu, kofia ya viua kichwani, bakora kaibana kwa magoti. Tulikuwa kwenye ukumbi wa shule hapa Tanga. Projekta ilipandishwa juu ya meza mbili zilizobebana, na skrini ilikuwa shuka jeupe lililoshikwa kwa vibanio vya nguo. Upepo wa bahari ukiingia dirishani nyuso za waigizaji zinajikunja, ukipita zinanyooka. Filamu ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, na swali la mzee lilikuja pale Denge na Yasmin wametazamana kwa muda ambao kwenye tamthilia za king'amuzi ungetosha kuposa, kuoa na kuacha. Mjukuu wake akamnong'oneza, “Babu, wanapendana.”

Mzee akalitafakari jibu. “Sasa si waseme?”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikapanda baiskeli yangu kurudi nyumbani, na nilipofika Barabara ya 12 kicheko kilikuwa kimekwisha, limebaki swali. Maana kwenye kijiwe cha kahawa ninachokaa jioni, mabishano ya filamu zetu za miaka hii yana pande mbili, na kila mtu anaujua upande wake kabla hajapokea kikombe. Wapo wanaosema tumefika: picha safi, sauti safi, majina yetu yanasomwa kwenye matamasha ya nje. Na wapo wanaosema hizo ni picha za kuwapendeza wageni, polepole kama jahazi lisilo na upepo, na kwamba Mswahili ukitaka kumjua nenda kwenye tamthilia, ndiko watu wanakosema kama watu. Yule mzee, bila kujua, alikuwa ameupigia kura upande wa pili.

Nimekuwa nikiwasikiliza wote kwa muda, na sina hakika kama kuna upande unaotazama penye tatizo.

Nianze na wanaosema tumekua, kwa kuwa hao kuwapinga ni vigumu. Anayebisha hakuishi miaka ya DVD. Tuliokuwepo tunakumbuka: filamu inapigwa kwa siku chache, hadithi iko kichwani kwa mwongozaji, waigizaji wanaambiwa asubuhi wanagombana na nani. Sehemu ya kwanza inaishia mlango unapofunguliwa, ukitaka kujua nani kafungua ununue sehemu ya pili, na hiyo sehemu ya pili inaanza kwa kukurudishia uliyoyaona jana. Sauti ndiyo ilikuwa balaa. Mama analia msibani na jogoo anawika. Mwanamke anaachwa na bodaboda inapita katikati ya talaka. Kisha kinanda kile kile cha huzuni kinapandishwa mpaka kinameza maneno. Tulizipenda hivyo hivyo. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza Dar es Salaam kumzika ulitosha kumwonyesha yeyote kwamba waigizaji wale walikuwa na nafasi gani mioyoni mwa watazamaji. Lakini kupenda ni jambo moja, na kusikia anachosema mwigizaji ni jambo jingine.

Sasa tazama kilichotokea tangu hapo. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Baadaye ikapelekwa kushindania Oscar kwa niaba ya Tanzania, jambo ambalo lilikuwa limefanyika mara moja tu kabla yake, kwa Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, na hiyo ilikuwa 2001. Mwaka huo huo wa 2021 ikatoka Binti ya Seko Shamte, hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam, ikaja kuingia Netflix, na binamu yangu aliye Muscat akaiangalia kabla yangu mimi niliye hapa.

Ukiniuliza Binti ilinigusa wapi, nitakutajia kitu ambacho wengi hawakitaji: mwanga. Kwa miaka mingi taa za filamu zetu zilitufanya tuwe rangi ya majivu. Uso mweusi ukiwekwa mbele ya ukuta mweupe ulikuwa unabaki macho na meno. Kwenye Binti ngozi inaonekana kama ngozi. Mwanamke akikasirika unaiona hasira kwenye shavu kabla haijafika mdomoni. Udhaifu wake naona uko kwenye hesabu. Wanawake wanne, matatizo manne mazito, filamu moja. Kila tatizo linaingia kwa zamu kama wagonjwa kwenye foleni ya kliniki, na unapoanza kumzoea mmoja anaitwa mwingine. Nilitoka nikiwa nimewahurumia wote na sikuwa nimemjua hata mmoja kama ninavyomjua jirani yangu.

Vuta N'kuvute ni habari nyingine. Kitabu cha Adam Shafi kilichotoka 1999 ni kitabu kinene, na waliokisoma kidato cha tano na sita wanakuja ukumbini wakiwa na madai. Wanamdai mwongozaji kila mhusika waliyemkariri kwa ajili ya mtihani. Hayo madai mimi siyaungi mkono. Kitabu cha siku nne za kusoma hakiingii kwenye saa moja na nusu bila kuacha mizigo bandarini, na Shivji alichagua cha kupakia: Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza angalipo, Yasmin aliyeozwa mwanamume wa kumzaa akakimbia, Denge na harakati zake, na mapenzi yao ambayo kila jamaa ana sababu ya kuyakataa. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimepigwa na mtu anayejua giza la kichochoro linaanzia wapi. Hakuna anayetueleza kwamba nchi imetawaliwa. Tunaona namna watu wanavyotembea.

Sasa nirudi kwa mzee wangu na bakora yake.

Baada ya usiku ule nilijiwekea mtihani wa kienyeji. Kila filamu au kipande cha tamthilia nitakachopata nitakiangalia mara mbili: mara ya kwanza nimezima sauti, mara ya pili nimewasha sauti na kuipa mgongo televisheni. Mke wangu alinivumilia siku tatu za mwanzo, ya nne akaanza kuniulizia kama niko sawa.

Matokeo hayakunishangaza mwanzoni. Ukizima sauti, Vuta N'kuvute inasimama yenyewe: unajua nani anampenda nani, nani anamwogopa nani, nani ana njaa. Tamthilia nyingi ukizizima zinageuka watu wawili wamekaa kwenye kochi la kona, mmoja anachezesha mkono, wanakatwa, wanarudi, wako pale pale. Ukigeuka na kusikiliza tu, mambo yanapinduka. Tamthilia inakuja nzima, hakuna ulichokosa, hata rangi ya gari umeambiwa. Vuta N'kuvute inakuachia nyayo, bahari, na sentensi moja moja kama maembe ya mwisho wa msimu.

Kama ningekomea hapo ningeandika kwamba picha ni sinema na maneno ni redio, kwa hiyo walio na picha ndio walioendelea. Kuna watu wanaandika hivyo. Lakini mtihani wangu ulikuwa na shahidi mwingine, naye ni shangazi yangu.

Shangazi anauza bajia za kunde barazani kwake Ngamiani. Kuanzia saa kumi na moja jioni yuko mbele ya karai, televisheni iko sebuleni nyuma yake, mlango uko wazi. Anaangalia tamthilia zote, na haziangalii. Mgongo wake ndio unaoangalia. Nilipomwamkia jioni moja nikamuuliza yule binti aliyeficha ujauzito amefikia wapi, akanisimulia dakika kumi bila kugeuza shingo, na katikati ya masimulizi akahesabu chenji ya wateja watatu. Nikamuuliza kama binti mwenyewe anamjua kwa sura. “Sura ya nini, baba? Namjua sauti.”

Hapo ndipo wanaodharau tamthilia wanapokosea. Wanadhani mtunzi hajui kazi yake, kumbe anamjua mteja. Mtazamaji wa saa moja na nusu usiku katika nyumba za Kitanzania ana mtoto mgongoni, ana chungu jikoni, ana simu inayoita. Macho yake hayako huru, masikio yako huru. Na masikio hayo yamefundwa zamani. Kizazi cha wazazi wetu kilikua na Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, wakacheka mpaka machozi bila kuona mtu. Mwaka 1993 redio hiyo hiyo ikaanza Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza uliopenyeza uzazi wa mpango na habari za ukimwi ndani ya visa vya mapenzi, na watu wakawa wanapanga shughuli zao kufuata saa yake. Tamthilia ya leo ni mjukuu wa redio ile. Kumlaumu kwamba anafanana na babu yake ni kumwonea.

Na kuna jambo la mkate. Filamu ya tamasha inampa mwigizaji heshima na picha ya ukutani. Tamthilia kama Jua Kali ya mwongozaji Lamata inampa kazi ya msimu hadi msimu. Mafundi wa taa, wapambaji, washika maiki, wote wanajifunza kwa kurudia kila siku, na ufundi wa kamera hauji kwa njia nyingine. Nusu ya usafi wa picha tunaojivunia leo umepikwa kwenye majiko hayo ya kila siku.

Haya, hizo ndizo haki za tamthilia. Sasa dhambi yake.

Kuna sini moja umeshaiona mara mia, ingawa hii hapa naitunga mimi. Mwanamume amekaa na mkewe. Simu inaita. “Haloo? Eeh, mama Zawadi. Unasemaje? Baba ameanguka? Ameanguka bafuni? Mmempeleka hospitali? Nakuja sasa hivi!” Anakata simu. Anamgeukia mkewe, ambaye amekaa pale pale, sentimita 40 kutoka kwenye simu. “Mke wangu, baba ameanguka bafuni, wamempeleka hospitali.” Mke anashika kifua. “Baba ameanguka?”

Tukio moja, tumeambiwa mara tatu. Usinijibu kwamba ni kwa ajili ya shangazi kwenye karai. Shangazi aliisikia mara ya kwanza, masikio yake si mabovu. Sababu halisi ni saa na pesa. Ukitaka kumwonyesha baba akianguka unahitaji bafu, maji sakafuni, ndala moja iliyobaki mlangoni, mzee anayekubali kulala chini, taa zihamishwe, na nusu siku imekwenda. Simu inahitaji kochi. Ukiwa na dakika za kujaza kila jioni, kochi litashinda bafu siku zote. Na wanaopandisha vipande vyao YouTube wanabanwa zaidi, maana mtazamaji kashika simu, kidole gumba kiko juu ya kioo, akichoka sekunde tano ameshaondoka. Basi wanampigia kelele asiondoke.

Hivyo upande mmoja unaeleza kila kitu kwa sababu ya karai na kochi. Upande mwingine unanyamaza, na unaponyamaza wanausifu kwa ukomavu. Hoja inayotolewa kijiweni ni kwamba ukimya ule si wetu, umeletwa na walimu wa filamu wa ng'ambo, Mswahili hanyamazi. Na wanaoutetea wanajibu kwamba lazima tujifunze kunyamaza, dunia yote inanyamaza.

Wote wawili wamesahau kanga.

Mwaka juzi shangazi alinunua friji. Jirani yake, ambaye simtaji hata kwa lakabu, akapitisha neno kwenye mtaa kwamba bajia hazinunui friji, pana mkono wa mtu. Shangazi hakwenda kugomba. Kesho yake alfajiri alijifunga kanga iliyoandikwa “Hasidi hana sababu”, akapita mbele ya mlango wa jirani, akamsalimia kwa adabu zote, “Umeamkaje, mwanangu?”, kisha akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. Aliinama muda wa kutosha mtu kusoma maandishi yale mara mbili. Baada ya siku mbili jirani naye akatoka na yake: “Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu.” Ugomvi ulianza, ukapamba moto na ukaisha, hakuna aliyepaza sauti, na mtaa mzima uliufuata kama fainali.

Ule ulikuwa ukimya? Ulikuwa maneno? Mimi nasema lilikuwa fumbo, na fumbo ndiyo lugha ya pwani hii kuanzia Tanga mpaka Pemba. Mwanamke wa hapa akitaka kumwambia mumewe kwamba amechoka hasemi “nimechoka”, wala haendi kutazama bahari dakika tatu. Anamsifia mume wa jirani. Baba akitaka kujua kama binti ana mchumba anamuuliza mama bei ya mbuzi. Watu wanasema sana, na jambo lenyewe hawalisemi. Huko ndiko filamu zetu hazijafika, zile za king'amuzi na zile za matamasha. Tamthilia inamfanya mtu aseme jambo lenyewe. Filamu ya tamasha inamnyang'anya maneno yote, pamoja na yale ya kuzungukia. Mzee wa ukumbini alipouliza mbona hawasemi, sidhani kama alikuwa anataka Denge atamke “nakupenda Yasmin”. Mtu wa umri ule, mwenye kofia ile, hajapata kulitamka neno hilo maishani mwake. Alikuwa anasubiri waanze kuzungumza habari za mvua.

Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa Vuta N'kuvute, na nailaumu kwa kuwa naipenda. Kitabu kile kina midomo. Watu wake wanapigana vijembe, wanataniana, wanazungukana kwa maneno mpaka unacheka peke yako ndani ya daladala. Filamu ilikuwa na kila sababu ya kuichukua ile midomo, na mara nyingi ikaiweka pembeni ikaleta uzuri. Picha nzuri inaweza kuwa njia ya kukwepa, kama vile maneno mengi yanavyoweza kuwa.

Hapa Tanga tulikuwa na mtu aliyelijua jambo hili mwilini mwake. Amri Athumani, yule mchekeshaji King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alicheza kwenye filamu ambazo nyingine hazikuwa na taa, hazikuwa na muswada, na ukizipima kwa mtihani wangu zinafeli kila upande. Yeye mwenyewe hafeli. Anasema sana, tena sana, lakini angalia anachofanya akiulizwa swali linalombana: anaanza kujibu swali jingine, ambalo halikuulizwa, kwa ukali kabisa, huku macho yakitafuta mlango. Kichekesho kiko kati ya anachosema na anachokwepa kusema. Ukimzima sauti unacheka, ukimpa mgongo unacheka. Wengi waliomwiga walichukua makelele, wakayaacha macho.

Na kama mtu atasema fumbo ni la vichekesho tu, haliwezi kubeba jambo zito, nitampeleka Pangani, kama kilomita 50 kutoka hapa mjini. Shirika la UZIKWASA lililoko kule limekuwa likitumia filamu na redio yake ya Pangani FM kuzungumza na vijiji vya wilaya ile, na mwaka 2015 likatoa Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, Godliver Gordian akicheza kama Aisha mwenyewe. Mwanamke anarudi kwao kwa ajili ya harusi, anafanyiwa ukatili na genge la wanaume, na akitaka haki anagundua kwamba watu wa kwao wana haraka ya kulimaliza kuliko kulijua.

Ina kasoro, na ni kasoro za kuzaliwa. Filamu inayotengenezwa ili watu wakae chini baadaye kujadili haiwezi kuthubutu kuacha mtu hajaelewa, kwa hiyo kuna mahali wahusika wanageuka wahamasishaji, wanasema sentensi ambazo zingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Mimi nazisamehe. Ukipeleka filamu kijijini ukijua aliyetenda na aliyetendewa wanaweza kuwa wamekaa mkeka mmoja, una haki ya kunyoosha maneno. Ila nguvu ya Aisha haiko kwenye sentensi hizo. Iko kwa wale wazee na ndugu wanaozungumza sana, kwa upole, kwa busara, kwa methali, na kila methali wanayoitoa ni tofali la ukuta wa kumfungia mwanamke mdomo. Hapo fumbo limegeuka silaha. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kumaliza mambo kifamilia anajua baridi ile. Kwa sauti peke yake inatisha, kwa picha peke yake inatisha, na imepigwa huko huko Pangani.

Nigusie na hili kwa kupita, maana linanikera na sina la kulifanya: filamu za Dar es Salaam zinapokuja kwetu zinakuja kwa shughuli moja. Ukiona mhusika anapanda basi la Tanga ujue anafuata mganga. Kitambaa chekundu, kibuyu, bibi mwenye kanga ananena kwa lafudhi ambayo hakuna bibi wa Ngamiani wala wa Lushoto anayenena. Watatuambia ni utani, na utani wa Tanga na mapenzi na majini tunaujua, tunauuza wenyewe kwa wageni. Lakini mwandishi aliyefika na basi lake angechelewa siku moja tu kurudi, angelikuta friji la shangazi na kanga zake mbili. Hadithi ya bure, imelala barazani.

Na wala sidai kitu kisichowezekana kwenye runinga. Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa 2012, ilipigwa sehemu kubwa Bagamoyo, mji wa pwani wenye chuo cha sanaa, leo TaSUBa, ambacho kimekuwa kikitoa waigizaji tangu 1981. Ilikuwa tamthilia, ilikuwa na ujumbe wa afya wa kupeleka, ilikuwa na watu wanaosema kila dakika. Na bado Cheche, yule mpiga picha, alikuwa akidanganya kwa namna ambayo mkewe aliisikia, sisi tukaisikia, naye akadhani hatujasikia. Hiyo inataka muswada ulioandikwa ukafutwa ukaandikwa tena. Kwenye bajeti ya filamu zetu, kalamu ndiyo inayolipwa mwisho, ikilipwa. Kamera inakodishwa kwa siku na kila mtu anaijua bei yake; mtunzi anaambiwa “tutaonana”.

Niliamua kumpelekea shangazi Vuta N'kuvute. Niliiweka kwenye laptop, nikaiunga na televisheni yake, nikaanza saa kumi na moja na nusu akiwa na karai motoni. Nilitaka kuona itakuwaje kwa mgongo wake. Robo saa ya kwanza aliniita mara mbili. “Imekwama?” Nikamwambia haijakwama, shangazi, inaendelea. “Mbona kimya?” Nikajaribu kumsimulia kinachoonekana, nikajikuta mimi ndiye tamthilia. Baadaye akaacha kuniuliza, akawa anahudumia wateja wake, na nikajua nimempoteza.

Kisha Mwajuma, rafiki yake Yasmin, akaimba. Aliyemcheza ni Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, na taarabu ile ilitoka sebuleni ikafika barazani. Nikasikia upawa umewekwa chini. Shangazi akasimama mlangoni, mikono ina unga wa kunde mpaka viwikoni, kanga imelegea, akautazama wimbo mpaka mwisho, midomo yake ikitembea kana kwamba anamjua anayeimbiwa. Mteja akabisha hodi, hakuitikiwa.

“Huyu,” akasema, bila kunigeukia, “anamsema mtu.”

Bajia za kundi lile ziliungua zote, na alinilipisha.